UZI: Ukatili wa kingono vyuoni ni mwingi kuliko kesi mnazozisikia, na wanaoufanya wengi wao tunawajua kwa majina

#1 MatroniMstaafu

Habari zenu wakuu.

Nimekuwa matroni wa hosteli ya wasichana kwenye chuo kimoja hapa Tanzania kwa miaka mingi, sasa nimestaafu. Chuo sitakitaja, na binti nitakayemgusia nimebadili mambo yake ya kutosha ili asitambulike. Nimefungua uzi huu kwa sababu kila mada ya ukatili wa kingono vyuoni ikiletwa humu, haifiki mbali kabla mtu hajauliza, "Kesi zenyewe zipo ngapi?" Kisha anajijibu mwenyewe kuwa ni chache, mabinti wanatia chumvi.

Kesi ni chache kweli. Matukio ni mengi, na mengi yanaishia njiani kabla hayajaandikwa kwenye daftari la mtu yeyote. Nimekaa kwenye hiyo njia, nimeona yanavyoishia.

Tukisikia mwanafunzi kabakwa, wengi tunawaza kichaka, giza na mtu asiyejulikana. Hilo lipo, na chuo chenye njia isiyo na taa kati ya maktaba na hosteli kinalijua. Lakini mabinti waliokaa kwenye kiti cha ofisini kwangu karibu wote walimtaja mtu kwa jina. Mpenzi wake. Mpenzi aliyemwacha. CR, kiongozi wa darasa. Mwenzake wa kundi la kusomea. Jamaa aliyembebea begi siku ya usajili. Baba mwenye nyumba. Mhadhiri.

Kuna mmoja alikuja kuomba barua ya kuahirisha mwaka. Alikuwa mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza, na maksi zake za testi zilikuwa nzuri. Kwenye fomu aliandika vidonda vya tumbo. Nikamwambia akae, nikampa chai, tukaongea habari za kwao, mavuno, mdogo wake aliyekuwa anasubiri matokeo ya darasa la saba. Chai ilipoa hajaigusa. Ndipo akasema, "Lakini matroni, mimi nilienda mwenyewe."

Alienda geto kwa mwenzake wa darasani kuchukua desa, noti za kusomea, usiku wa kuamkia testi. Mlango ukafungwa kwa ndani. Alikataa kwa mdomo, akakataa kwa mikono, mwishowe akanyamaza kwa kuwa aliona akipiga kelele watajaa watu, na watu wataanza kwa kumuuliza alifuata nini pale usiku. Kesho yake yule kijana alimtumia ujumbe wa kumjulia hali kana kwamba hakuna kilichotokea. Walikuwa wamepangwa kundi moja la presentesheni.

Mabinti walioniambia "nilienda mwenyewe" ni wengi kuliko walioniambia "nimebakwa". Binti anajihukumu kabla ya wenzake wa chumbani hawajamhukumu, na aliyekwisha kujihukumu haendi polisi kumshtaki mtu mwingine. Huyu wangu hakwenda. Aliahirisha mwaka kwa vidonda vya tumbo, na ndivyo ilivyo kwenye faili lake mpaka leo.

Wakati mbaya kuliko wote ni wiki za mwanzo za mwaka wa masomo. Boom, pesa ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo wa serikali, bado. Ni kweli pesa ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022/23, na tunashukuru, lakini ikichelewa kuingia binti anakula nini wiki hiyo? Hosteli zimejaa. Wenye bahati wanabebana, kitanda kimoja watu wawili. Wasio na bahati wanahifadhiwa na "kaka" wa mtaani kwao mwenye geto. Makaka wema wapo, nimewaona wakilala chini sakafuni ili mgeni alale kitandani. Wapo pia wanaosubiri wiki ipite waanze kudai fadhila. Binti wa miaka 19 aliyefika mjini juzi hana namna ya kuwatofautisha.

Wanaodai takwimu nao wana haki. Mwaka 2009 nchi yetu ilifanya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, wakahojiwa vijana wa miaka 13 hadi 24 Bara na Zanzibar. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya miaka 18. Kwa wavulana ni karibu 1 kati ya 7. Katika wasichana hao takribani nusu tu ndio waliowahi kumweleza mtu, na waliopata huduma ni kama 1 kati ya 10. Kwa hiyo binti anapopita getini na begi lake, huenda ana tukio la nyuma, na huenda ameshajifunza nyumbani kwamba kusema hakusaidii. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 nao unasema asilimia 12 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Hizo ni za nchi nzima, na wanafunzi wetu wanatoka nchi hiihii.

Na msiseme ni mambo ya kizazi cha simu. Wenye umri wangu wanaikumbuka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya 1990 na ile "Punch", maandishi na michoro iliyobandikwa ukutani na watu wasiojitaja kuwadhalilisha wanafunzi, hasa wasichana. Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alisakamwa mpaka akajiua. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, walilibeba jambo lile likawa la taifa zima. Novemba 2018, Rais Magufuli alipokwenda kuzindua maktaba mpya palepale, Dk. Vicensia Shule, mhadhiri wa chuo hicho, aliandika mtandaoni kuwa rushwa ya ngono, yaani mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe huduma au maksi, imekithiri. Kilichofuata ni yeye kuitwa kuhojiwa. Mwaka 2020 TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wakatoa utafiti walioufanya chuo hichohicho (UDSM) na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ukathibitisha kuwa rushwa hiyo ipo.

Karibuni tujadili. Ombi langu moja, msitaje jina la binti yeyote humu, hata kama mnamtetea.

#2 JembeLaShamba

Matroni, heshima yako mama. Ila tuwe wakweli. Nimemaliza chuo 2019, na nimeona kwa macho yangu mabinti wanaomfuata mhadhiri wenyewe ili wasikamatwe supu, mtihani wa marudio. Wengine wakiachwa na mpenzi ndiyo wanakumbuka kuwa walibakwa. Kijana anaenda jela miaka 30 kwa neno la mtu mmoja. Hilo nalo si ukatili?

#3 BintiSongea

Mkuu #2, ngoja nikueleze hiyo "kumfuata wenyewe" inavyoanza, maana ilinikuta.

Matokeo yametoka, somo moja jina langu halina maksi za kozi-wek, yaani za testi na asaimenti. Nilifanya testi zote mbili, na asaimenti nilikusanya kwa CR, nilisaini. Nikaenda kuuliza. Akasema skripti yangu haionekani, niache namba ya simu. Usiku ikaingia meseji: njoo tuongee, lakini ofisini kuna watu wengi, nitakuelekeza pa kuja. Kumbuka anayefundisha ni yeye, anayetunga ni yeye, anayesahihisha ni yeye, na maksi 40 kati ya 100 anakaa nazo yeye peke yake. Nikikosa somo lile nakeri, yaani nalibeba mwaka unaofuata, na nikikeri boom la mwaka unaofuata liko mashakani, na nyumbani mama kauza shamba.

Sasa mtu akiniona nagonga mlango wa ofisi yake mara tatu kwa wiki, atasema namfuata. Na kweli nilikuwa namfuata. Nilikuwa nafuata skripti yangu.

Sikwenda alikonielekeza. Somo nilirudia. Wapo wenzangu walioenda, na siwezi kuwanyooshea kidole.

#4 JembeLaShamba

Dada pole sana. Hilo la skripti nakubali lipo, hata kwetu lilikuwepo na wavulana walilipia pesa. Bado hoja yangu ya kusingiziwa mjibu.

#5 WakiliMtaani

Niingie hapo kwenye "neno la mtu mmoja".

Kubaka ni kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, adhabu ipo 131, na ni kweli haipungui miaka 30. Wakifanya kwa kundi ni maisha. Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa aliyefanyiwa pekee, lakini mpaka hakimu aridhike kwamba anasema kweli, na sababu za kuridhika aziandike. Mahakama ya Rufani imewaachia watu wengi ambao ushahidi dhidi yao ulikuwa unapwaya. Kwa hiyo kijana hafungwi kwa kuwa binti kakasirika. Anafungwa ushahidi ukisimama, na kwa ninavyoona mahakamani mwingi hausimami kwa sababu uliletwa ukiwa umechelewa au umefuliwa.

Kuna mambo kwenye kifungu cha 130 ambayo wanafunzi hawaambiwi. Majeraha au alama za kupigana si lazima ili kuthibitisha kuwa hakuridhia. Yule binti wa matroni aliyenyamaza alikuwa bado na kesi. Ridhaa ya mtu aliyeleweshwa na anayemtaka, au na mtu mwingine, sheria haiitambui kirahisi. Na anayetumia cheo chake kumbaka mwanamke aliye chini ya mamlaka yake ametajwa kwa namna yake.

Rushwa ya ngono iko kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Kama ilivyopitishwa 2007, adhabu ilikuwa faini isiyozidi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa maoni yangu ilikuwa ndogo mno. Mhadhiri angeweza kuilipa hiyo faini kwa mkopo wa benki akaendelea na maisha. Na mwaka 2024 ulipopelekwa bungeni muswada wa kumwadhibu pia anayemshawishi mwenye mamlaka kwa ngono, watetezi wa haki za wanawake waliupinga wakijua kitakachotokea: mwanafunzi akishtaki, mhadhiri anasema "yeye ndiye aliyenishawishi", na kibao kinageuka. Ni hoja yako #2, ila ukiiweka kwenye sheria inamfunga mdomo hata aliyeonewa kama huyo dada #3.

#6 NesiWaZamu

Wakili kasema ushahidi unafuliwa. Ni kweli, tunaupokea hivyo. Mtu anakuja siku ya tano, kaoga mara ishirini, nguo kafua na sabuni ya unga.

Naomba haya yasambazwe kwenye magrupu ya darasa. Ndani ya saa 72 unaweza kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na mapema ni bora zaidi. Zinamezwa siku 28. Kuzuia mimba ni ndani ya saa 120. Ukiweza usioge, usibadili nguo, usipige mswaki kama kinywa kilihusika. Ukibadili nguo, weka kwenye bahasha ya kaki au karatasi, usiweke kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu unyevu unaharibu. Na kama umeshaoga, njoo hivyohivyo.

PF3, fomu ya polisi ya kupelekea hospitali, inatolewa polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Hospitali zenye kituo cha mkono kwa mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii unawakuta sehemu moja, husimulii mara nne. Kama unatoka damu au umeumia, anza hospitali, polisi watakukuta huko.

Wavulana pia waje. Dawa ni zilezile.

#7 KimyaKirefu

Asante nesi kwa huo mstari wa mwisho. Mimi ni mwanaume. Nilikuwa mwaka wa kwanza, aliyenifanyia alikuwa mwaka wa tatu, chumba kimoja. Sikusema kwa mtu. Nilihama hosteli nikasema nakerwa na kelele. Hii ni mara ya kwanza naandika mahali popote.

#8 MatroniMstaafu

KimyaKirefu, mwanangu, pole. Umesema, na tumekusikia. Sheria ya ubakaji yetu inamtaja mwanamke na msichana tu, lakini vifungu vingine vya Kanuni ya Adhabu vinakulinda, wakili anaweza kukueleza faraghani ukitaka. Usipotaka pia ni sawa.

#9 MbeyaMpakaOhio

Nipo Marekani, nasoma huku. Niongeze kitu kuhusu namna ya kuhesabu, maana kinaendana na alichosema matroni.

Huku nako walikuwa wanasema kesi ni chache, mpaka Mary Koss, profesa aliyekuwa Kent State hapahapa Ohio, alipotoa utafiti wake 1987. Alihoji wanafunzi zaidi ya 6,000 kwenye vyuo 32. Hakuwauliza kama wamebakwa. Aliuliza vitendo: je, mtu amewahi kukulazimisha kufanya hiki au kile kwa nguvu, kwa vitisho, kwa kukulewesha? Katika wanawake ambao yaliyowapata kisheria yalikuwa ubakaji, waliokuwa wanajiona wamebakwa walikuwa asilimia 27 tu. Na asilimia 84 walikuwa wanamfahamu aliyewafanyia.

Mwaka 2019 umoja wa vyuo vikuu huku ulihoji wanafunzi zaidi ya laki moja na elfu themanini kwenye vyuo 33. Kwa wasichana wa shahada ya kwanza, karibu asilimia 26 walisema wameshafanyiwa kitendo cha kingono bila ridhaa tangu waanze chuo. Ni vyuo tajiri, vina taa kila kona, vina polisi wao. Na huku pia mwaka wa kwanza, miezi ya mwanzo, ndio wanaoumia zaidi.

Kwa hiyo tafiti za vyuo vyetu nazo ziulize vitendo. Ukimpa binti dodoso lenye swali "Umewahi kubakwa?" huku mwenzake kakaa pembeni, atatiki hapana.

#10 JembeLaShamba

Hapo kwenye namna ya kuuliza nimeelewa kitu. Matroni, sasa wewe uliyekuwa ndani, nini kinasaidia? Maana madawati ya jinsia vyuoni yapo.

#11 MatroniMstaafu

Yapo. Mwongozo wa serikali wa kuyaanzisha kwenye vyuo vikuu na vya kati ulitoka 2021, na niliufurahia. Kwetu dawati lilipewa chumba mkabala na ofisi ya mlezi mkuu wa wanafunzi, mlango wa kioo, benchi nje kwenye korido. Binti akikaa kwenye lile benchi dakika tano, darasa zima limejua. Na kati ya wajumbe wawili walikuwa wahadhiri wa idara ambazo mabinti walikuwa wanazilalamikia. Mwaka mzima halikupata malalamiko ya kueleweka, na kwenye ripoti ikaandikwa kwamba hali ni shwari. Kuna kikao nilisimama nikapinga hiyo sentensi. Ilibaki.

Kilichofanya kazi kilikuwa vitu vidogo. Wiki za usajili tulikuwa tunatandika magodoro kwenye ukumbi wa televisheni, yeyote asiye na pa kulala analala pale bila maswali wala malipo mpaka boom liingie. Wengine walinilaumu kuwa nageuza hosteli kambi ya wakimbizi. Niliendelea.

Jingine, kuna idara moja mkuu wake aliamua maksi zote za kozi-wek zibandikwe ubaoni kwa namba za usajili kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, na skripti zirudishwe mikononi mwa wanafunzi. Hakuita mkutano wa jinsia wala nini. Lakini kutoka idara ile sikupata tena binti wa "skripti haionekani", maana kila mtu ana skripti yake. Rushwa ya ngono inakaa kwenye kitu anachokijua mtu mmoja peke yake. Kikishajulikana na wengi, mhadhiri hana cha kuuza. Ningekuwa na uwezo, hilo lingekuwa sharti kwa kila chuo kabla ya semina yoyote.

Na la geto, wakuu, mabinti tunawaonya mpaka wanachoka. Vijana wa kiume nani anakaa nao? Nilimwomba mlezi wa hosteli ya wavulana tukutane na wanafunzi wake. Walijaa. Mmoja aliuliza mbele ya wenzake, kwa dhati kabisa, kama binti akinyamaza ina maana amekubali. Miaka 22, mwaka wa pili, na hakuna mtu mzima aliyewahi kumjibu swali hilo. Tulikaa pale mpaka karibu saa sita usiku.

#12 MwakaWaPili_

Shikamoo matroni. Nimesoma uzi wote. Kuna mhadhiri ananitumia meseji usiku, ya jana ilikuwa wazi kabisa anataka nini na somo gani. Sijamjibu. Nilikuwa nataka kufuta na kumbloku, nimesoma hapa nikasita. Nifanyeje?

#13 WakiliMtaani

Usifute. Usimbloku kwa sasa, na usimjibu kwa matusi wala kwa kukubali. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba yake, tarehe na saa, kisha tuma nakala kwa mtu unayemwamini, lakini meseji zenyewe zibaki kwenye simu. Piga TAKUKURU 113, ni bure. Wao ndio wa kukuelekeza hatua inayofuata. Usijipangie mtego mwenyewe ukaenda kukutana naye.

#14 MwakaWaPili_

Ofisi yao ya wilaya naijua, iko jirani na stendi. Inabidi niende na barua kutoka chuoni?

#15 WakiliMtaani

Hapana. Hauhitaji ruhusa ya chuo. Nenda na simu yenyewe yenye hizo meseji na kitambulisho.

#16 MatroniMstaafu

Marahaba mwanangu. Usiende peke yako. Nitumie ujumbe faraghani uniambie uko mkoa gani, usiandike chuo. Mikoa mingi nina matroni wenzangu, wengine wastaafu kama mimi, na kesho ni siku ya kazi. Atakusubiri stendi asubuhi.